Njoo Kesho, Mashine Imekataa

Kidole cha mwanamke wa Loima hufanya kazi nyingi kabla hakijafika kwa karani. Kimechimba mchanga wa laga kutafuta maji, kimevunja kuni, kimesuka majani ya mkoma kuwa kikapu, kimekamua mbuzi alfajiri. Siku kikiwekwa juu ya kioo cha mashine, mashine haioni kitu. Mistari ya ngozi imelika kama soli ya akala. Karani, ambaye si mtu mbaya, anatoa kitambaa chenye maji. "Pangusa, mama. Bonyeza polepole." Taa nyekundu. "Jaribu kile kingine." Taa nyekundu. Kisha inakuja ile sentensi ambayo kila aliyewahi kupanga foleni Lorugum, Lodwar au Kakuma anaijua kwa moyo: "Njoo kesho, mama, mashine imekataa."

Hebu itazame sentensi hiyo kwa jicho la mwalimu wa sarufi. Nani amekataa? Mashine. Karani hayumo, wizara haimo, sheria haimo. Kiambishi kimoja kidogo, "i", kimebeba serikali nzima mgongoni. Na "kesho" ya mtu wa Lorugum mjini si "kesho" ya mtu aliyetoka Lokiriama, kule karibu na mpaka wa Uganda, akadandia lori, akalala kwa jamaa, akaacha mbuzi na mtoto wa miaka tisa.

Lorugum ni makao makuu ya kaunti ndogo ya Loima, katika kaunti ya Turkana, magharibi ya Lodwar, jirani na mto Turkwel, kwenye njia inayopanda kuelekea Lokiriama na kuteremka hadi Moroto, Uganda. Ndipo ofisi zilipo, ndipo karatasi zinapoanzia safari. Eneo bunge la Loima lenyewe ni changa. Lilizaliwa katika mgawanyo wa mipaka wa 2012, na wapigakura wake walichagua mbunge wao wa kwanza Machi 2013. Kabla ya hapo watu hawa walikuwa katika mojawapo ya maeneo bunge makubwa matatu yaliyoimega Turkana yote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika kaunti hii, wametawanyika katika zaidi ya kilomita 68,000 za mraba. Ukitaka kujua kwa nini serikali inapenda mashine huku, anza na hesabu hiyo.

Wala isidhaniwe kwamba Turkana imenyimwa teknolojia. Tukiorodhesha sehemu za Kenya ambazo vidole vya watu wake vimechukuliwa na kuchukuliwa tena, kaunti hii haitakuwa mkiani. Kuna alama za kitambulisho cha taifa, ambazo kwa miongo mingi zimepakwa wino mweusi kwenye fomu na fomu kusafirishwa hadi Nairobi. Kuna za daftari la wapigakura tangu mwishoni mwa 2012. Kuna za Huduma Namba, ile namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, za 2019. Kuna za chakula kule Kakuma. Na kuna za pesa za njaa.

Hizi za mwisho zina hadithi yake. Mpango wa HSNP, wa kuzipa pesa kaya zenye njaa, unaosimamiwa sasa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ulianza kulipa watu mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Awamu ya kwanza ilitumia kadi zenye chipu na alama za vidole: unaenda dukani kwa wakala, unachomeka kadi, unaweka kidole, unahesabiwa pesa. Wakati ule, kwa watu wengi, mashine ya dukani ilikuwa uso wa kwanza wa serikali uliowahi kuwapa kitu badala ya kuwadai. Awamu ya pili, kuanzia 2013, ililenga kaya 100,000 katika kaunti hizo nne na kuwafungulia akaunti za benki. Malipo yakafika shilingi 5,400 kila miezi miwili. Lakini akaunti inataka kitambulisho, na kitambulisho kinataka kidole, na kidole ndicho hicho kilichokwisha kulika.

Walioanzisha mpango walijua jambo hili. Awamu ya kwanza iliruhusu kaya kumwandikisha mtu wa pili wa kupokea, ili mzee asiyeweza kutembea au asiye na alama asikose. Zikaundwa pia kamati za haki katika vijiji, watu waliochaguliwa na wenzao kusikiliza malalamiko: nani kaachwa nje, nani kakatwa pesa na wakala, kadi ya nani imekufa. Nataja kamati hizo kwa sababu husahaulika kila mradi unapohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kamati za watu huwekwa kama kiunzi cha nyumba, halafu nyumba ikisimama zinabomolewa.

Halafu kuna satelaiti. Ukame ukizidi, HSNP huongeza kaya zinazolipwa, na uamuzi huo hautoki kwa chifu wala kwa mbunge. Hutoka angani. Picha za satelaiti hupima ukijani wa ardhi katika kila kaunti ndogo na kuulinganisha na hali ya miaka iliyopita. Kipimo kikishuka chini ya 20, huo ni ukame mkali na sehemu ya kaya za ziada hulipwa; kikishuka chini ya 10, idadi hupanda sana. Nakiri nimeupenda mpango huu. Siasa za Turkana zinajua kugawa chakula cha msaada kwa kutazama nani alipiga kura upande gani, na satelaiti haina mjomba. Hata hivyo, kuna kitu kinachonikereketa. Kandokando ya Turkwel kumejaa mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa na ukageuka kuwa ndio mwenye shamba. Wenyeji wanauita etirae. Unabaki kijani wakati nyasi zimekuwa majivu. Mbuzi hula maganda yake, naam, lakini waulize wafugaji wa Baringo waliompeleka mbuzi asiye na meno hadi mahakamani Nairobi kuonyesha madhara ya mti huo. Satelaiti huona kijani. Haioni meno.

Nasi tuseme kwamba mama wa Loima anataka kukata rufaa dhidi ya picha iliyopigwa kutoka mamia ya kilomita juu ya kichwa chake. Anaanzia mlango gani?

Tuondoke Loima kidogo, tupande barabara kuu kutoka Lodwar kwenda kaskazini-magharibi, mwendo wa kilomita 120 hivi, hadi Kakuma. Kambi ile ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo ina watu wa kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi, Ethiopia na kwingineko, na jirani yake ni makazi ya Kalobeyei. Mwaka 2013 ugawaji wa chakula ulianza kutumia alama za vidole ili mtu mmoja asichukue posho mbili. Mwaka 2015 ikaja Bamba Chakula, pesa za chakula zinazotumwa kwenye simu na kutumika katika maduka yaliyoidhinishwa. Jina lenyewe ni la mtaani, nalo ndilo lililofanya mpango uingie masikioni mwa watu kuliko kifupisho chochote cha Umoja wa Mataifa.

Sasa jiweke katika nafasi ya familia ya Kiturkana inayoishi nje ya kambi. Mvua imekataa misimu mitatu. Ndani ya kambi kuna maji ya bomba, unga, zahanati na shule. Nje hakuna. Baadhi ya familia za wenyeji zilifanya lile ambalo mzazi yeyote angelifikiria: ziliwaandikisha watoto kama wakimbizi. Garissa, kuzunguka kambi za Dadaab, jambo hilo lilitokea kwa wingi zaidi. Mtoto alishikwa mkono, akabonyeza kidole, akala. Miaka ikapita. Akafika 18, akaenda kuomba kitambulisho cha nchi aliyozaliwa, yeye na babu yake na babu wa babu yake. Kompyuta ya usajili wa watu ikalinganisha alama zake na zile za wakimbizi, ikapata zinafanana. Mara hii mashine ilifanya kazi sawasawa kabisa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti, hakuna kura, hakuna kazi ya mjengo inayolipa kwa simu, na kila kizuizi cha polisi ni mahakama.

Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria lilipeleka suala hili la kusajiliwa mara mbili katika Mahakama Kuu ya Garissa. Huko kesi ilipata mawakili na waandishi wa habari. Kakuma iko mbali na kelele hizo, nami nadhani umbali huo ni sehemu ya tatizo: dhuluma inayotokea karibu na barabara ya lami hupata jina mapema.

Utaniuliza, na sheria? Sheria ipo, tena tele. Kidole cha Mwafrika kiliingia katika sheria za nchi hii kupitia amri ya kipande ya 1915, iliyowalazimu wanaume wabebe alama zao shingoni ndani ya kikasha cha bati, kama kengele ya ng'ombe. Turkana nayo ikafungwa kama wilaya maalumu. Mgeni hakuingia bila ruhusa. Lodwar ilikuwa mbali kiasi kwamba wakoloni waliona inafaa kumweka Jomo Kenyatta humo, 1959 hadi 1961, baada ya kifungo cha Lokitaung. Eneo hili lilijua kudhibitiwa kwa karatasi kabla halijajua kuhudumiwa kwa karatasi.

Ruka miaka mia moja. Mwishoni mwa 2018 Bunge lilipenyeza mabadiliko ya sheria ya usajili wa watu ndani ya muswada wa mchanganyiko, na Huduma Namba ikazaliwa. Miongoni mwa vitu ambavyo sheria iliruhusu vichukuliwe ni chembe za vinasaba na majira ya ramani ya nyumba ya mtu, yaani ile nukta ya GPS. Jopo la majaji watatu, Pauline Nyamweya, Mumbi Ngugi na Weldon Korir, liliamua tarehe 30 Januari 2020 kwamba vifungu hivyo viwili vinakiuka Katiba, na kwamba mfumo usiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kulinda taarifa za watu. Kesi hiyo ilianzishwa na Wanubi, jamii nyingine inayojua maana ya kuulizwa "baba yako alitoka wapi" kila inapoomba kitambulisho.

Mawakili walibishana kuhusu faragha, na walikuwa na haki. Mimi nilicheka kidogo peke yangu. Nukta ya nyumba ya nani? Boma la mfugaji wa Loima, awi, huhama na nyasi. Februari liko chini ya vilima vya Loima, Julai liko ng'ambo ya mpaka, Karamoja. Kitambulisho kilichozoeleka kimeandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na kata ndogo, kana kwamba mwananchi ni mnazi. Mashine ya kura nayo inamtambua mtu katika kituo kimoja tu alichoandikishwa. Ukame ukianguka mwaka wa uchaguzi, na aghalabu huanguka, mpigakura yuko na ng'ombe ng'ambo ya mpaka, upande wa Matheniko, mahali ambapo usalama wake unalindwa na mapatano ya Lokiriama ya 1973, yaliyofanywa na wazee wa Waturkana na Wamatheniko kwa kuzika silaha, na ambayo bado yanaadhimishwa kila mwaka. Mkataba ule haukuhitaji nywila, nao umevuka marais wanne wa Kenya na kumfikia wa tano.

Kura ndiyo inayonifanya nisiikatie tamaa mashine wala sheria. Machi 2013 vifaa vya kumtambua mpigakura vilizimika sehemu nyingi za nchi, na daftari la karatasi likaokoa siku. Agosti 2017 zikaja mashine za KIEMS, za kumtambua mpigakura na kutuma matokeo. Siku mbili kabla ya kura, Ezra Chiloba, aliyekuwa afisa mkuu mtendaji wa tume ya uchaguzi, IEBC, alitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havina mtandao wa kasi wa kutuma matokeo, na kwamba wasimamizi wangelazimika kusogea hadi penye mtandao. Mtu wa Turkana hakuhitaji kutangaziwa. Huku watu hujua mlima wa kupandia ili kupiga simu kama wanavyojua kisima.

Uchaguzi ule wa urais ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba 2017, na majaji wengi wa jopo lililoongozwa na David Maraga hawakuridhishwa na hoja ya mtandao. Kwani ukosefu wa mtandao ni mafuriko, kwamba ulizuka usiku? Miezi michache kabla, tarehe 23 Juni, Mahakama ya Rufaa katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai ilikuwa imesema kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu ya tume hayana mamlaka ya kuyageuza. Watu wa mijini waliiona hukumu hiyo kama ushindi dhidi ya wizi wa kura. Ukiisoma ukiwa Lorugum inasema jambo lingine kabisa: karatasi iliyotiwa sahihi na mawakala chini ya paa la mabati la shule ya msingi, mbele ya watu walioona kura zikihesabiwa, ina uzito kuliko skrini ya Nairobi.

Na kuna karatasi nyingine, ndogo zaidi, ambayo wachache wanaijua kwa jina. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi, kilichoongezwa 2017, kinaitaka tume iwe na njia mbadala pale teknolojia inaposhindwa. Kanuni zikaeleza: mashine isipomtambua mpigakura kwa kidole, msimamizi wa kituo awaite mawakala wa wagombea washuhudie, ajaze Fomu 32A mbele yao, amtafute mpigakura katika daftari lililochapishwa, kisha ampe karatasi yake ya kura. Lililoandikwa hapo ni kwamba kushindwa kwa mashine si kosa la mwananchi, na kwamba lazima pawe na mashahidi. Kuhusu daftari hilo la karatasi pamekuwa na mvutano. Hata siku chache kabla ya uchaguzi wa 2022 mahakama mbili zilitofautiana kuhusu lini litumike. Lakini mlango upo, umeandikwa, una namba.

Tafuta Fomu 32A ya kitambulisho. Ya posho ya Kakuma. Ya pesa za njaa. Ya bima ya afya ya jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 na ambayo humpangia mchango mtu asiye na mshahara kwa kumuuliza maswali kuhusu nyumba na mali yake, kisha programu ikatoa jibu. Mwongozo huwa upo mahali fulani, nyaraka hazikosi. Kaunta inayojulikana na kila mtu, yenye karatasi ya namba na mashahidi wawili, hiyo siioni. Kuna "njoo kesho".

Nalo hilo ni ajabu, maana Katiba ya 2010, ibara ya 47, inasema mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala apewe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliotolewa na mashine peke yake, na kudai uangaliwe upya. Ofisi ya Kamishna wa Data chini ya Immaculate Kassait ilianza kazi mwishoni mwa 2020. Yote hayo yako vitabuni. Kinachokosekana Lorugum ni kipande cha karatasi chenye mistari mitatu: tumekukatalia hiki, kwa sababu hii, peleka malalamiko pale. Chifu angeweza kukitia mhuri. Tangu lini serikali ya Kenya ikakosa mhuri?

Mzee asiyejua kusoma angefanya nini na kikaratasi hicho? Swali hili huulizwa na maofisa wanaotaka kulikwepa. Angefanya kile kinachofanyiwa kila hati huku: angekipeleka chini ya mti wa wanaume, mahali pa baraza, na kijana wa sekondari angekisoma kwa sauti. Kuanzia hapo si siri ya mtu mmoja na taa nyekundu. Watu kumi wenye vikaratasi vinavyofanana tayari wana kesi, na Lodwar kuna mahakama.

Mwenyekiti wa IEBC aliyeapishwa Julai 2025, Erastus Ethekon, ni mwana wa Turkana na aliwahi kuwa mwanasheria wa kaunti hii. Pengine yeye anaijua soli ya akala. Usajili endelevu wa wapigakura uliporejea tarehe 29 Septemba 2025, tume ilisema itachukua pia alama ya mboni ya jicho, kwa ajili ya wale ambao vidole vyao havisomeki. Katika kaunti nyingi hilo litakuwa suluhisho zuri, nami nalikaribisha.

Ila Turkana ni miongoni mwa kaunti zenye trakoma, ugonjwa unaosambazwa na mikono, nguo na nzi pale maji ya kunawa uso yanapokuwa haba. Ukirudi mara nyingi, kope hujikunja ndani na kukwaruza jicho mpaka kioo chake kinaingia ukungu. Wanawake huathirika kuliko wanaume kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba jicho litakalofika mbele ya mashine mpya Lorugum ni la yule yule mama mwenye kidole kilicholika, aliyetoka Lokiriama kwa lori. Karani atainua kifaa na kumwambia, "Fungua macho, mama," naye atakuwa ameyafungua tayari.